Nilitia Sahihi Kaunti Yangu Ivunjwe

Jina langu limo katika karatasi zilizopelekwa kwa Rais wa Kenya mwishoni mwa mwaka 2014. Nilitia sahihi nikiwa nimesimama katika stendi ya Wote, karatasi imelazwa juu ya tangi la pikipiki ya mwana bodaboda, mkono mmoja umeshika kalamu na mwingine mfuko wa ndengu. Jina, nambari ya kitambulisho, sahihi. Haikuchukua hata dakika moja. Tulikuwa tunaomba serikali ya Kaunti ya Makueni isimamishwe: gavana aende nyumbani, wawakilishi wadi waende nyumbani, tuchague upya.

Wakati huo nilikuwa nafundisha Historia na Serikali katika shule ya wasichana ya kutwa, na asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimewaambia wanafunzi wa kidato cha tatu kwamba serikali iliyoingia kwa kura hutolewa kwa kura. Alasiri nikaenda kutia sahihi. Nilirudi nyumbani mwepesi kama mtu aliyelipa deni la dukani.

Sasa nimestaafu. Nalima maembe Kathonzweni alikonioa marehemu mume wangu, na mara mbili au tatu kwa mwaka navuka kwenda kwetu Kitui Kusini, upande wa Mutomo, nilikozaliwa. Kwa hiyo nina kaunti mbili, na kila moja imenifedhehesha kwa namna yake kuhusu kitu ninachodai kukipenda, yaani Katiba ya mwaka 2010. Ninaposoma habari za siku hizi, naona fedheha hiyo si yangu peke yangu. Ndiyo maana naandika.

Nianze na ukuta. Katika darasa langu kulikuwa na ukuta mmoja usio na dirisha, na juu yake tulibandika vipande vya magazeti. Sikuwa na pesa za kununua gazeti kila siku, wala shule haikuwa nazo. Vipande vingi vilitoka sokoni, vimefungiwa nyama au omena, vingine vina madoa ya mafuta ambayo hayakutoka hadi leo. Kila Jumatatu msichana mmoja alileta kipande chake, akatafuta kifungu cha Katiba kinachokihusu, akakibandika kwa uji mzito wa unga wa mahindi. Sharti langu lilikuwa moja tu: lazima aseme kifungu hicho kinamzuia nani. Sikutaka kusikia kinachomruhusu mtu, kwa sababu wenye mamlaka hukijua hicho bila kufundishwa. Nilitaka anayezuiwa.

Kwa hiyo ukuta ulijaa. Rais anazuiwa hapa, waziri pale, polisi kule chini karibu na mlango, gavana, hakimu, mbunge. Wasichana waliupenda mchezo huo. Mpaka siku moja, mwaka huohuo wa 2014, mmoja wao aliyekuwa na tabia ya kukaa nyuma na kutosema kitu muhula mzima akainua mkono. “Mwalimu,” akasema, “mbona hakuna kifungu hata kimoja kinachotuzuia sisi?”

Nilimpa jibu la kimwalimu, la kwamba kifungu cha kwanza kinasema mamlaka yote ni ya wananchi, hivyo wananchi ndio wanaozuia. Akaketi. Nadhani hakuridhika, na alikuwa na haki ya kutoridhika, maana kifungu hichohicho cha kwanza kinaendelea kusema kwamba mamlaka hayo yatatumiwa kulingana na Katiba hii pekee. Maneno hayo niliyaruka. Nilikuwa nimeyaruka kwa miaka minne.

Wasiokumbuka mambo ya Makueni ya wakati huo niwakumbushe kwa ufupi. Gavana wetu wa kwanza alikuwa Profesa Kivutha Kibwana, mwanasheria aliyefundisha sheria Chuo Kikuu cha Nairobi na mmoja wa vinara wa harakati za kudai katiba mpya miaka ya tisini. Tulimpata mtu wa Katiba kweli. Bunge la kaunti lilikuwa na wawakilishi wa wadi 30 pamoja na walioteuliwa, na kati yao na gavana hapakupikika chungu kimoja. Waligombania bajeti: nani apange pesa za wadi, bunge lijitengee kiasi gani, gavana atie sahihi au akatae. Miradi ikasimama. Septemba 2014 vurugu zikazuka Wote penyewe, risasi zikafyatuliwa, watu wakajeruhiwa. Siku hiyo nilikuwa darasani, na nilisikia habari kwa mama mboga kabla ya kuzisikia redioni.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inataka ombi la kusimamisha kaunti liungwe mkono na asilimia kumi ya wapiga kura waliosajiliwa. Sisi tulivuka kiwango hicho kwa mbali. Sahihi zilipita elfu 50. Gavana mwenyewe aliliunga mkono ombi, ingawa naye angeondoka. Hilo lilitupa kiburi. Tulisema, mtu yuko tayari kupoteza kiti chake ili sisi tupate amani, nani mwingine nchini amefanya hivyo?

Lakini tazama tulichokuwa tunakifanya. Mwaka 2013 Makueni ilimpigia Uhuru Kenyatta kura chache sana. Hata ukiuliza leo katika soko la Wote utachekwa. Huyo ambaye hatukumtaka awe Rais ndiye tuliyemwendea tukimwomba atuondolee watu tuliowachagua wenyewe, kwa mikono yetu, wadi kwa wadi. Tulipigania ugatuzi ili Nairobi isituamulie. Mwaka mmoja na nusu baadaye tukakimbilia Nairobi tukalie mlangoni.

Kifungu cha 192 cha Katiba hakikatai jambo hilo. Kinalifanya liwe gumu. Rais hawezi kuisimamisha kaunti kwa sababu kama zetu mpaka tume huru ichunguze, kisha yeye mwenyewe aridhike kwamba madai yana msingi, kisha Seneti iidhinishe. Hata hapo, kaunti haisimamishwi zaidi ya siku 90, na uchaguzi lazima ufuate. Ni ngazi ndefu. Mwaka 2015 tume iliyoongozwa na wakili Mohamed Nyaoga ilikuja, ikasikiliza watu, ikapendekeza kaunti isimamishwe. Tukashangilia. Septemba mwaka huo Rais akatangaza kwamba sababu zilizotolewa hazitoshi. Ngazi ikakatika katikati, hata Seneti haikufikiwa.

Nilikasirika kwa muda wa mwaka mzima. Nilisema ametudharau Wakamba. Niliyasema hayo darasani pia, jambo ambalo mwalimu hapaswi kulifanya.

Hasira ilipoisha ndipo nilipokumbuka kitu alichonisimulia babu yangu. Wazee wetu walikuwa na adhabu iliyoitwa king'ole. Mchawi aliyeua, au mwizi aliyewashinda watu kabisa, aliweza kuuawa na umma wote kwa pamoja. Wageni walioandika habari zetu waliiona kama ghasia tu. Babu alisema ghasia haikuwamo, kwa maana nzama, baraza la wazee, haikutoa ruhusa mpaka ndugu wa karibu wa mtuhumiwa akubali. Kijiji kizima kingeweza kupiga kelele usiku kucha. Ndugu asipokubali, hapakuwa na king'ole. Nilipokuwa mtoto niliona huo ni ujinga, kumuuliza ndugu wa mchawi. Ukubwani ndipo nilipoona kwamba wazee walijua hasira ya kijiji kizima ni kitu cha kuogopwa, hata ikiwa na haki, na wakamweka mbele yake mtu mmoja ambaye hasira hiyo ingemwumiza zaidi. Sisemi tuirudishe, Katiba yetu inalinda uhai wa kila mtu na king'ole ina damu nyingi mikononi. Nasema tu kwamba hata watu wasiokuwa na maandishi walijua umati unahitaji kizuizi.

Mwaka 2017 tukapiga kura. Profesa Kibwana alirudi kwa kishindo, na wengi wa wale wawakilishi tuliotaka Rais atufukuzie tuliwafukuza wenyewe, bila tume na bila kumbembeleza mtu. Ilikuwa kazi ya siku moja, na foleni yangu haikuwa hata ndefu.

Kuna jambo jingine linalonichoma zaidi. Mwaka huohuo wa 2015, tume ikiwa inasikiliza sababu za kulivunja bunge letu, bunge hilohilo lilipitisha sheria ya kuhifadhi mchanga wa Makueni, iliyounda mamlaka ya kusimamia uvunaji wake. Asiyetoka kwetu hawezi kujua uzito wa hilo. Mito yetu ni ya msimu. Mchanga ndio tangi letu. Maji hujificha chini yake miezi ambayo mto umekauka, na mwanamke hufukua kisima kwa kibuyu. Malori yalipouhamisha mchanga kwenda kujenga Nairobi, visima vilikufa. Watu waliuana kwa sababu ya mchanga huo. Na bunge nililolitilia sahihi lifutwe ndilo lililotunga sheria.

Sasa tuvuke mto twende Kitui.

Mapema mwaka 2018 gavana wa Kitui, Bi Charity Ngilu, alipiga marufuku uuzaji wa makaa na mchanga nje ya kaunti. Mimi nilikuwa Kathonzweni, nikasimama mbele ya redio nikapiga makofi. Nilikulia katika msitu wa migunga huko Mutomo ambao leo ni uwanja wa vumbi. Nani kama mimi angeufurahia uamuzi ule? Mama Ngilu aliyewahi kuwa waziri wa maji, aliyegombea urais mwaka 1997, alikuwa amesema kile ambacho wanaume walikuwa wameogopa kukisema.

Jioni simu ikalia. Alikuwa kaka yangu mdogo. Sikuwahi kuwaambia wenzangu shuleni, lakini kaka yangu alichoma makaa. Mvua ilipokosa misimu miwili mfululizo, mbuzi wakafa, akaingia porini na panga kama majirani zake wote. Gunia alimwuzia dalali kwa shilingi mia tano. Huko mjini likauzwa mara tatu ya hiyo, lakini hayo hayakumhusu.

“Dada,” akasema, “nasikia unashangilia.”

Nikamwambia habari za mvua na miti, sauti ya mwalimu imenitoka bila kuiita.

“Hayo nayajua. Miti hiyo ninaikata mimi, siikati nikiwa kipofu. Nakuuliza tu, hiyo amri imeandikwa wapi? Nina kibali cha chama chetu, kina mhuri. Jana kilikuwa halali. Leo askari ananiambia si kitu. Nani amekifuta? Wewe ndiwe mwenye Katiba.” Kisha akaongeza, kwa upole ulioniumiza kuliko matusi: “Wewe una pensheni, Dada.”

Nilishindwa kumjibu, nikafungua kitabu. Jedwali la Nne linazipa kaunti kazi ya kutekeleza sera za kitaifa kuhusu maliasili, misitu na udongo ikiwemo. Kanuni za Makaa za mwaka 2009 zilieleza vibali vya kuchoma na kusafirisha. Kifungu cha 209 kinakataza kaunti kutumia uwezo wake wa kutoza kodi na kujipatia mapato kwa namna ya kudhuru biashara inayovuka mipaka ya kaunti, au usafirishaji wa bidhaa nchini. Wanasheria wataniambia kwamba hicho ni kifungu cha kodi, na marufuku si kodi. Ni kweli. Hata hivyo aliyekiandika aliona mbali: nchi yenye kaunti 47 inaweza kugeuka kuwa nchi yenye vizuizi 47 barabarani, kila gavana na kamba yake.

Na kamba ilivutwa. Mwezi wa Februari lori lilichomwa moto Kanyonyoni, kwenye barabara ya kuelekea Thika. Wafanyabiashara wa upande wa Kiambu wakaandamana, maneno ya kikabila yakaanza kurushwa, Tume ya Uwiano na Utangamano ikaingilia kati. Makaa ya kaka yangu, yaliyokuwa mambo ya mbuzi waliokufa, yakageuka kuwa mambo ya Wakamba na Wakikuyu. Mwisho wa mwezi huo Naibu Rais wa wakati huo, William Ruto, akatangaza marufuku ya kitaifa ya kukata miti kwa siku 90; yakarefushwa na kurefushwa hadi mwaka 2023 alipokuja kuyaondoa yeye mwenyewe, sasa akiwa Rais. Tamko likazaa tamko.

Linganisha na mchanga wa Makueni. Bunge ambalo sikulipenda lilitumia njia ndefu, mswada, mijadala, sheria. Gavana niliyempenda alitumia kipaza sauti. Nami nilitaka kulivunja la kwanza na nikampigia makofi wa pili. Kama yule msichana wa nyuma angekuwapo, angejua kifungu cha kubandika na jina la kuandika chini yake.

Kwetu Kitui kuna funzo jingine, na hili linahusu nchi nzima ingawa wengi hawajui limetoka kwetu. Katika bonde la Mui, mashariki ya mji wa Kitui, serikali iligundua makaa ya mawe, ikatoa vitalu kwa wawekezaji, kampuni ya Fenxi kutoka China ikiwemo. Wakazi wakaenda Mahakama Kuu wakasema hawakushirikishwa. Mwaka 2015 majaji waliwakatalia. Walisema kwa hatua ile ushirikishwaji uliofanyika ulitosha. Ukisoma hapo ukafunga kitabu utasema Mui walishindwa.

Lakini majaji, wakiwakatalia, waliandika mambo ambayo kabla ya hapo hayakuwa yamepangwa pamoja waziwazi namna hiyo. Walisema kushirikisha umma si sherehe; watu wapewe kwanza habari kamili, na mapema. Walisema si lazima kila mtu asikizwe, lakini wale ambao jambo litawagusa zaidi watafutwe kwa makusudi. Walisema maoni ya mwananchi hayamlazimishi kiongozi, bali yanamlazimisha ayapime kwa nia njema. Na walisema wazi kwamba haki hii haikukusudiwa kunyakua kazi ya waliochaguliwa au wataalamu. Tangu hapo, kesi za ushirikishwaji kutoka kila pembe ya Kenya zimekuwa zikitaja Mui. Makaa ya mawe yenyewe bado yamelala ardhini. Kilichochimbwa Mui ni kipimo.

Nilikitumia kipimo hicho wakati wa Mswada wa Fedha wa mwaka 2024. Umma ulialikwa kutoa maoni, ukatoa, ukasema hapana kwa sauti ambayo hata asiyesikia angeiona. Bunge likapitisha. Tarehe 25 Juni vijana wakaingia bungeni, wengine hawakurudi kwao. Siku iliyofuata Rais alitangaza kwamba hatautia sahihi, akaurudisha akipendekeza vifungu vyote vifutwe. Mpwa wangu, mtoto wa yule kaka wa makaa, alikuwa Nairobi siku hiyo. Baba yake alinipigia simu mara tisa usiku ule kuniuliza kama nimempata.

Wazee wengine hapa walisema vijana hawana adabu. Niliwakumbusha Muindi Mbingu. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilipotwaa ng'ombe wa Wakamba kwa kisingizio cha kupunguza mifugo, watu wetu walitembea hadi Nairobi, wanawake na watoto pamoja nao, wakapiga kambi kwa wiki kadhaa wakidai kumwona gavana. Hapakuwa na kifungu cha 37 cha kuwalinda. Muindi Mbingu, kiongozi wao, alikamatwa akapelekwa kizuizini Lamu. Leo Nairobi kuna barabara yenye jina lake, na hao wazee huipita wakienda kuchukua pensheni.

Hapo niko upande wa vijana bila kusitasita. Walikuwa na haki ya kuandamana, na waliowafyatulia risasi wana la kujibu. Ila nikiwa mkweli kwa ukuta wangu, lazima nibandike kipande cha pili. Mwaka uleule wa 2024, Oktoba, nchi iliulizwa kuhusu kutimuliwa kwa Naibu Rais Rigathi Gachagua. Vikao vya maoni vilifanywa katika kaunti zote tarehe 4, fomu zikajazwa, tarehe 8 wabunge 281 wakapiga kura ya kumwondoa, na usiku wa tarehe 17 Seneti ikamkuta na hatia katika baadhi ya mashtaka. Nimewauliza watu wengi, Wote na Mutomo, swali moja: je, siku nne kati ya kikao cha maoni na kura zilitosha kuyasoma maoni yote na kuyapima kwa nia njema, kama walivyosema majaji wa Mui? Wanaompenda Gachagua walisema hazikutosha. Wasiompenda walisema zilitosha kabisa. Sijampata bado mtu hata mmoja, mmoja tu, aliyenijibu kinyume na mapenzi yake. Nilipojiuliza mwenyewe, nilijikuta nimo katika kundi mojawapo. Silitaji, kwa sababu nataka kila msomaji ajikute katika lake.

Baadaye mwezi huo, Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi kuhusu Sheria ya Fedha ya mwaka 2023, ambayo Mahakama ya Rufaa ilikuwa imeibatilisha mwezi Julai. Ikairejesha. Kuhusu maoni ya umma ilisema Katiba haijalilazimisha Bunge waziwazi kutoa sababu za kukubali au kukataa kila pendekezo, ingawa ni desturi njema kufanya hivyo. Mimi si jaji. Kama ningekuwa, ningeng'ang'ania hapo. Mtu aliyepanda matatu kutoka Kathonzweni kwenda kutoa maoni, akaacha ng'ombe hajakamuliwa, anastahili angalau sentensi moja ya kuambiwa kwa nini amekataliwa. Kaka yangu alitaka hilo tu kuhusu kibali chake.

Nimewahi kuhudhuria kikao cha bajeti katika wadi fulani, sitaitaja, ambapo karatasi ya mahudhurio ilizunguka kabla ya bajeti yenyewe. Tulipomaliza kutia sahihi, soda zikagawiwa, na mzee mmoja akaniuliza kama sasa anaweza kwenda kwa sababu ameshashiriki. Nilimwambia akae. Alikaa kwa heshima yangu, soda mkononi, mpaka mwisho, na yeye ndiye aliyeuliza swali gumu kuliko yote: kisima cha mwaka juzi kilichoandikwa kwamba kimekamilika kiko wapi?

Hivi majuzi nilifungua sanduku la vile vipande vya ukutani. Mchwa wamekula baadhi, na uji wa unga umewasaidia. Cha ombi la kuivunja Makueni bado kipo, na chini yake kuna mwandiko wangu mwenyewe: “Kifungu cha 192. Kinawazuia wawakilishi wadi.” Nikachukua kalamu nikakata maneno mawili ya mwisho, nikaandika “mwalimu”.

Mezani nina kipande kingine ambacho bado sijajua pa kukiweka. Kinahusu Bwawa la Thwake, pale mito ya Athi na Thwake inapokutana, mpakani mwa kaunti zangu mbili. Likikamilika linatarajiwa kubeba mita za ujazo milioni 688 za maji, na sisi wa nchi kavu tumelisubiri kama watu wanavyomsubiri mtoto aliye ughaibuni. Lakini Athi hupokea maji ya mto Nairobi, na taka zake zote, kabla ya kufika kwetu. Nilianza na kifungu cha 43, maji safi na salama ya kutosha. Nikaona hapana, labda 42, mazingira safi. Labda 69. Labda cha 6, kinachozitaka serikali za ngazi mbili zishauriane na kushirikiana, maana mto unapita kaunti kadhaa kabla ya kufika hapa na kila moja inasema uchafu ni wa mwenzake. Kisha nikafika kwenye sharti langu la zamani, kinamzuia nani, nikakumbuka kwamba mpwa wangu sasa ana kibanda cha kuosha magari kando ya mto huko Nairobi, sabuni yote ikiteremka, na kwamba mtaji wa kibanda hicho nilimpa mimi.

Kipande bado kiko mezani, kimewekewa kikombe juu ili upepo usikichukue. Nimempigia simu mpwa. Amesema atanirudia jioni.